Waliipaka Rangi Konkriti Yangu

Ni nani aliwaambia kila kitu mgeni anakuja kuona lazima kipakwe rangi?

Niambieni, kwa sababu leo nimechoka na watu.

Mnajua mimi huokota vumbi la makaa na vinyuzi vya chuma, ile takataka viwanda vya Athi River hutupa. Nachanganya na simiti, natoa konkriti inayopitisha umeme. Ukiiunganisha na betri ya gari, inapata joto. Nilitaka iwe sakafu ya vifaranga wa kikundi chetu hapa Muthetheni, tuachane na jiko la makaa linalowaua kwa moshi.

Jana ilipitisha umeme wa betri hadi balbu ikawaka, kikundi kizima kikaona.

Leo diwani amekuja kuona kama atatusaidia kujenga. Nafika na betri, nakuta konkriti ni nyeupe pe! Kama mawe ya lango la chifu.

"Ilikuwa nyeusi sana," akasema Mama Mutheu, mwenyekiti wetu, akitabasamu. "Mgeni angetuonaje?"

Rangi ya mafuta, jamani! Umeme utapitia wapi?

Nikagusisha waya. Balbu haikuwaka. Nikagandamiza waya tena. Wapi!

Diwani akasema, "Lakini ni safi." Watu wakapiga makofi. Akaingia kwa gari akaenda.

Nikachukua msumari nikakwaruza rangi pande mbili, nikarudisha waya.

Balbu ikawaka.

Nikageuka niite watu. Alikuwa amebaki Mama Mutheu peke yake.

Akaangalia ile mikwaruzo, akafyonya.

"Sasa ona vile umeharibu rangi."