Cheo Nilichompa Fundi Osmundi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya kata ya chumba kimoja kule Kihagara, ufukweni mwa ziwa, Katibu Kata alinirudishia barua niliyoiandika. Nilikuwa nimeandika kwamba mzee mmoja anaomba ruhusa ya kukata mti. "Kijana, maneno ya barazani yaache barazani," aliniambia. "Karatasi ya Serikali inataka maneno yaliyovaa viatu." Nikaandika upya: mwombaji anakusudia kuvuna zao la msitu. Akagonga muhuri huku akicheka, nami nikajiona karani niliyeiva.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Tulikuwa na taipureta moja tu, na karatasi za kaboni za kutolea nakala tulizitumia mpaka zikaisha wino kabisa. Watu wa ufukweni walikuja niwaandikie hati za mapatano, yaani makubaliano ya pande mbili yenye mashahidi, na kila mmoja aliondoka na cheo. Muuza dagaa aliingia akatoka mfanyabiashara wa mazao ya ziwa. Walifurahi, nami nilifurahi zaidi yao.

Nilipohamishiwa Maguu, juu milimani, soko huria lilikuwa limeshapanda mlima. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na magari yao, na kila mkulima mwenye uwezo alitaka banda lake la kumenyea kahawa. Mmoja wao, Batholomeo, alimwita Fundi Osmundi, Mnyasa kutoka ufukweni aliyeoa huko milimani na kuishi kwa mkwewe. Kwa kupaua hakuwa na mpinzani. Wakapatana ajenge banda, na ujira wake uwe kipande cha shamba la kahawa kwenye ntambo wa Batholomeo. Ntambo ni kilima cha ukoo, na mgeni kupewa hata kona yake si jambo dogo. Osmundi alikuwa na watoto watano na hakuwa na pa kupanda hata kunde.

Wakaja kwangu kuandikishana. Nilipomuuliza Osmundi kazi yake, alijibu, "Andika fundi, inatosha." Mimi na mbwembwe zangu nikaandika mkandarasi. Lilikuwa neno la wakati ule, redioni halikukosekana. Nikawasomea hati harakaharaka, Osmundi akaweka dole gumba, nikagonga muhuri.

Alijenga kiangazi chote. Mvua za kwanza zikaja na ndani ya banda halikudondoka hata tone. Alipodai shamba lake, Batholomeo akaanza kumpiga chenga, leo kesho, mpaka wakafikishana mahakamani. Niliitwa kama shahidi, nikaenda kifua mbele. Hati ipo, muhuri upo, mashahidi wapo. Nilijua tutarudi kabla ya chakula cha mchana.

Batholomeo hakubisha kwamba kazi ilifanyika. Aliikubali yote, hata akaisifu. Kisha akasema, "Mheshimiwa, hati inasema huyu ni mkandarasi. Naomba atuoneshe usajili wake."

Hakimu alitufafanulia kwa upole. Fundi wa kawaida angeweza kudai ujira wake. Lakini anayefanya kazi ya ukandarasi lazima awe amesajiliwa na kupewa cheti; asipokuwa nacho, mkataba wake ni batili na mahakama haina mkono wa kumsaidia. Sheria iliwekwa kuwalinda watu na majengo ya kubahatisha. Nikasimama bila kuitwa, nikasema neno lile ni langu, mzee huyu hakulitamka.

"Karani, alisomewa hati?" hakimu aliniuliza.

"Alisomewa, Mheshimiwa."

"Akaweka dole gumba mbele yako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi limekuwa neno lake."

Sijawahi kushtuka namna ile maishani. Nilidhani ukweli ukisemwa mahakamani mambo huisha. Osmundi alirudi ufukweni na watoto wake mwaka uleule, na Batholomeo akaendelea kumenya kahawa chini ya paa lile.

Nimestaafu sasa. Makarani vijana hunijia na kompyuta zao wakitaka niwafundishe lugha ya ofisi. Sheria ya usajili siipingi, jengo baya huua. Ninachowaambia ni kwamba mtu akitaja kazi yake, andika alivyoitaja, hata kama inaonekana ndogo. Wengine hunitazama kama mzee aliyechoka.

Hawakuwepo nje ya mahakama siku ile, Osmundi aliponiuliza mkandarasi ni mtu wa namna gani hasa. Nikamweleza: ana ofisi, ana mitambo, ana wahandisi, ana cheti ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Kumbe ni mtu mkubwa hivyo," akasema. "Ungeniuliza tu, Bwana Karani. Ningekuambia siye mimi."