Ua la Kula Nzi na Mkono wa Mwenzangu

Jirani yangu hapa Nyamugari, mjini Gitega, alinijia mwezi wa nne, mvua ikiwa bado inanyesha kila alasiri. Alikuwa ameshika kikopo cha plastiki kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba uji wa moto. "Mama Miche," akaniita, maana ndivyo mtaa mzima unavyoniita tangu nianze kuuza miche ya maua na miti kando ya barabara. "Uniangalilie hii maua. Mtoto wangu aliniletea kutoka Ulaya. Eti inakula nzi. Sasa iko inakufa, na mi sijui nitamwambia nini."

Nikachungulia ndani ya kikopo. Ndugu yangu, nililijua mara moja. Vile vinywa vidogo vya kijani, ndani vyekundu, pembeni vina meno membamba yanayofungana. Nusu yake vilikuwa vimegeuka vyeusi. Na kwenye majani machanga, yaliyojikunja kabla hata ya kufunguka, walikuwa wamejaa vidukari, wale wadudu wa kijani wanaonyonya maharage. Jirani akacheka. "Bon, yeye anakula nzi, lakini wadudu wengine wako wanamukula yeye!" Mimi sikucheka. Ua kama lile nilikuwa nimeliona mara moja tu maishani, Butihinda, nikiwa na miaka kumi, na nililiua mwenyewe. Kuliua kungesameheka. Kinachoniuma ni nilichosema baadaye.

"Liache hapa," nikamwambia jirani. "Nitajaribu." Akashukuru, akasema alijua, kwa sababu Mama Miche ana mkono mzuri. Laiti angejua nilivyoumia kulisikia neno hilo siku ile.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Tulifika Butihinda kwa lori kutoka Tanzania, na sufuria zetu, na magodoro yetu, na Kirundi cha kuchekwa. Watoto wa pale walikuwa wakitusikia tukisema neno wanalirudia mpaka machozi yanawatoka kwa kucheka. Mimi sikujali sana, kwa sababu nilikuwa na mwenzangu. Tulizaliwa kambi moja ya wakimbizi, tukapanda lori moja, na nyumba tulizopewa zilitazamana. Tulisema Kiswahili chetu kutwa nzima, njiani kuteka maji, kuokota kuni, hata darasani kwa kunong'ona. Mama yake alikuwa mgonjwa asiyeinuka kitandani, kwa hiyo mchana mwenzangu alikula kwetu. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuondoka nchini na ndiye aliyetupokea, alikuwa akimtengea sahani kabla hata hajamwita. Maharage na ndizi mbichi, mawese juu, na siku ya bahati ndagala wachache, wale dagaa wa ziwani. Mpaka leo nikisikia mtu anatwanga sombe, yaani majani ya mihogo, naiona ile sahani ya bati yenye ua jekundu katikati, imefunikwa na nyingine, inamsubiri mtoto wa watu.

Sasa, kuna jambo moja la mlima ule, maana kwetu mlima ndio kijiji, ambalo lazima ulijue. Siku ya kupanda maharage, si kila mtu anadondosha mbegu. Wengine wanachimba mashimo, wengine wanafukia, lakini kapu la mbegu linashikwa na mtu mwenye mkono mzuri, yaani mtu ambaye akipanda kinaota. Msimu wetu wa kwanza bibi alitujaribu kwenye mistari miwili, mimi na mwenzangu, kila mmoja wake. Yote iliota vizuri tu. Ila wangu ulitangulia siku moja, basi bibi akanisifu mpaka kwa majirani. Nilitembea wiki nzima nimeinua kidevu, usinicheke.

Sifa hizo zikamfikia mwalimu wetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa Gitega, mkali wa chaki lakini mpole wa moyo, na dirishani mwa darasa alikuwa na ua la ajabu aliloachiwa na mgeni mmoja aliyepita parokiani. Ua la kula nzi. Jamani, tulivyolipenda! Mtu akimaliza hesabu kabla ya wenzake aliruhusiwa kwenda kulitazama. Nzi akitua, kinywa kinajifunga kufumba na kufumbua, na darasa zima linashangilia kana kwamba tumefunga bao. Kabla ya likizo ndefu ya kiangazi, mwalimu akijiandaa kurudi kwao, ua akanikabidhi mimi mbele ya wote. Akanipa na kidumu cha maji ya mvua. Masharti yake yalikuwa machache: maji haya tu, jua la kutosha, na usilipe chakula chochote, litajitafutia. Mwenzangu ndiye aliyebeba kidumu hadi nyumbani.

Kila siku tulilitazama. Mwenzangu alikuwa na subira kunishinda. Alikaa amechuchumaa hata saa nzima akiwafukuza kuku, akisubiri nzi aingie mwenyewe, wala hakugusa kitu. Wiki ya tatu vidukari wakaja. Nadhani walitoka kwenye maharage ya nyuma ya jiko, maana ndipo nilipoliweka, mimi mwenye akili. Majani machanga yakajikunja. Nikaingiwa na hofu ya mwalimu, nikafanya nilichomwona bibi akifanya shambani kila siku: kitu kikinyong'onyea, kipe mbolea, na kikiwa na wadudu, kipe majivu. Nikaleta samadi ya mbuzi, nikaishindilia kwenye kikopo. Nikakoroga majivu kwenye yale maji ya mvua, nikayamwagia majani.

"Usifanye hivyo," mwenzangu akanishika mkono. "Mwalimu alikataza."

"Mwalimu si mkulima," nikamjibu. "Na ua nimepewa mimi."

Baada ya siku nne lilikuwa jeusi lote. Nililificha nyuma ya mtungi na sikumwambia mtu, na mwenzangu naye hakusema.

Shule ikafunguliwa, ikanibidi nikirudishe kikopo. Mwalimu akakiweka kile kikopo cheusi juu ya meza, akatutazama, sauti yake haikupanda hata kidogo. Akaniuliza nini kimetokea. Mbele yangu walikuwa watoto wale wale waliokuwa wakicheka Kirundi changu, na kwa mara ya kwanza walikuwa wameanza kuniheshimu. Nikasema, "Mwenzangu alikuwa analishikashika kila siku." Hayo tu. Sikuyasahau maneno hayo, na sikuongeza hata moja. Mwalimu akamgeukia, akahema, akasema, nadhani kwa kutania, "Kumbe wewe una mkono wa kukausha." Darasa likaangua kicheko.

Mwenzangu alinitazama. Alinisubiri, kabisa. Angeweza kusema habari ya majivu, na hakusema. Nilikuwa mkubwa tayari nilipoelewa kwa nini: saa sita mchana ile sahani ya bati ilikuwa kwetu.

Mzaha wa mwalimu ukatoka darasani ukapanda mlima. Kwenye bustani ya shule, mwenzangu akawekwa kwenye kuteka maji, asiguse mbegu. Majirani wakasikia. Msimu wa kupanda ulipofika, bibi yangu mwenyewe, yule mpole, akamwambia, "Wewe mwanangu shika jembe, mbegu tuachie." Hakumwambia kwa ubaya. Akampa kula kama kawaida. Mimi nilikuwa hapo hapo, kapu la mbegu kiunoni, nikajifanya nafungua fundo la kanga. Nafasi nilikuwa nazo, si moja wala mbili. Kila msimu nilijiambia nitasema msimu ujao. Kisha nikapelekwa Gitega kusoma, nikaolewa, nikaanza kazi hii ya miche, na watu wakaja kwa sababu Mama Miche ana mkono mzuri. Nimejenga nyumba juu ya maneno hayo. Naona haya kuyasema, lakini ndivyo ilivyo.

Basi nikarudi kwa ua la jirani. Safari hii niliuliza kabla ya kugusa. Nilisoma kwenye simu hadi macho yakauma, na huko ndiko nilikojifunza kwamba ua lile kwao huota kwenye udongo usio na kitu, na ndiyo sababu linakula nzi. Samadi inaliunguza mizizi. Majivu ni hivyo hivyo. Miaka yote nilikuwa nimejificha nyuma ya wale vidukari, najiambia labda ni wao. Siku ile hata kichaka hicho kikaondoka.

Nilikinga maji ya mvua kwenye ndoo, nikalizamisha ua lote humo kwa siku mbili. Vidukari wakaelea, nikawaengua na kijiko cha chai. Nikakata kila jani jeusi kwa mkasi, na kikonyo cha maua kilichokuwa kinachomoza, maana kinalimaliza nguvu. Nikaliondoa kwenye udongo aliolitia jirani, udongo mzuri mweusi wa bustani, masikini, naye alitaka kulipenda tu. Nikaliweka kwenye kuvumwani laini ya bondeni, ile inayonyonya maji kama sifongo, iliyochanganywa na mchanga nilioosha mpaka maji yakatoka meupe. Likabaki na vijani viwili. Mwezi mzima halikufanya chochote, na mimi kila asubuhi kabla ya kupanga miche yangu nililichungulia na kuligombeza. Halafu siku moja nikaona kitu chembamba, kijani, kimekunja ngumi. Nililia, sikufichi. Mume wangu alidhani nimepata habari ya msiba.

Kufikia kiangazi lilikuwa limejaa, na pembeni limezaa katoto. Jirani alipokuja kulichukua alipiga kigelegele hadi wapita njia wakasimama. "Alhamdulillahi! Hii katoto iko yako, chukua." Nikakachukua. Nilijua papo hapo kanakwenda wapi.

Nilifika Butihinda mvua za kwanza zikiwa zimeanguka. Nyumba ya bibi haipo, alipokufa iliuzwa, na pale jikoni sasa kuna mihogo. Darasa letu limejengwa upya na dirisha lile halipo tena. Nilimkuta mwenzangu shambani kwake, mwanamke mnene kidogo, kilemba cha manjano, anachimba mashimo. Nyuma yake wifi yake anadondosha maharage. Aliponiona alitupa jembe, tukakumbatiana hadi tukayumba, akaniita kwa jina la utani la kambini ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua.

Tulipotulia nikamuuliza, "Na wewe mbona hupandi?"

"Aa, dada, si unaujua mkono wangu." Alisema huku akicheka, jinsi mtu anavyosema habari ya mguu uliovunjika zamani. "Wifi ananisaidia. Asipokuwepo, namwita mume wangu."

Pale pale nikasema yote. Samadi, majivu, mwalimu, darasa, bibi, kapu. Nilisema haraka, nikiogopa kwamba nikinyamaza kidogo nitanyamaza tena moja kwa moja. Wifi yake aliacha kupanda akasikiliza.

Mwenzangu alikuwa anabandua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. "Hayo nayajua," akasema. "Si nilikuwepo?"

"Sasa kwa nini..."

"Nilijua si mimi. Nikajua, nikajua. Halafu nikaolewa, nikapanda shamba langu la kwanza peke yangu, asubuhi, mtu asinione. Jua likawa kali mwaka ule, hayakuota. Nikasema, basi, labda waliona kitu." Akanitazama bila hasira, na ndipo nilipotamani anipige. "Ulikuwa umwambie bibi yako. Ulikuwa umwambie mwalimu. Bibi amekufa, mwalimu alihama hata hatujui wapi. Leo unaniambia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa sijui?"

Nikasema nitawaambia walio hai, nyumba kwa nyumba. Akasema niende kama nataka, lakini wengi wao ni watu wa juzi, walimkuta hivyo hivyo. Na nilikwenda, jioni ile. Niligonga milango minne. Wawili waliobaki wa zamani walisikiliza kwa adabu, wakanipa kiti, wakaniuliza bei ya miche Gitega.

Asubuhi yake, kabla ya kuondoka, niliweka kale katoto ka ua kwenye kizingiti chake, na chupa ya maji ya mvua pembeni, nikaenda kusubiri pikipiki barabarani. Nilijiambia kwamba likistawi kwake, watu wenyewe wataona. Kumbe bado nilikuwa natafuta njia nyepesi.

Nikamwona anakuja kwa haraka, kikopo amekishika kwa ncha ya kitenge, asikiguse kwa kiganja. Akanikabidhi. Nikamsihi abaki nacho, nikamwambia ni chake, nikamwambia nimemfundisha ua masharti yote na halina taabu. Hata maneno yalikuwa yananitoka ovyo.

"Ni zuri," akasema, akainama akalitazama kama zamani, muda mrefu, bila kuligusa. "Lakini rudi nalo, dada. Likifia hapa watasema ni mimi."