Mchadi wa Viti vya Matanga

Vijana wa Bunia wakitaka kusoma mbali huenda Kisangani au Kampala, na mwenye mjomba tajiri huvuka bahari. Kwa hiyo siku dada yangu mkubwa Pétronille aliponiambia kwamba amepata kijana aliyetoka Chad kuja kusoma kwetu, nilicheka mpaka nikaweka chini nguo niliyokuwa nashona. Ilikuwa mwaka 2008. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini bado tulilala viatu vikiwa karibu na kitanda.

"Nani anaacha kwao anakuja kutafuta masomo hapa?" nikamwuliza. "Hana wazazi wa kumushauri?"

"Alikuja kusoma théologie," akanijibu. "Na midi, akitoka ku cours, atakuwa ananibebea viti."

Pétronille alikuwa anakodisha viti vya plastiki, turubai na masufuria makubwa. Harusi zilikuwapo, lakini alikula kwa matanga. Hapa kwetu mtu akifa, ndugu na majirani hukaa uwanjani kwake siku kadhaa, na hakuna anayeketi hewani. Kufa kufaana, walisema wenye wivu. Shida ya dada yangu haikuwa viti, ilikuwa wabebaji. Vita vilikuwa vimeugawa mji, na vijana wa upande wetu hawakukubali kukanyaga mitaa ya upande wa pili hata kwa dawa. Huyu Mchadi hakuwa wa huku wala wa kule. Kwake yeye sisi sote tulikuwa watu wa Bunia, wenye Kiswahili cha haraka na mboga ya sombe nyingi kupita kiasi.

Jina lake lilikuwa Ngarbaye. Likatushinda, tukamwita Chad. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa mkokoteni siku ya kwanza. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye adabu ya kuudhi. Asubuhi alisoma, mchana alisukuma viti huku akikariri Kiebrania kwa sauti, na wamama wa sokoni wakadhani anaomba, wakampisha njia. Nilimpenda upesi. Sikumwambia, maana vijana ukiwaambia hivyo wanaharibika.

Alikuwa na kasoro moja. Akifika kwenye matanga, hakupanga viti na kuondoka kama wabebaji wengine. Alipanga, kisha na yeye akaketi. Aliwapa wafiwa mkono, akainamisha kichwa, akakaa nao kimya, wakati mwingine akalia kabisa, kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua hata kwa picha. Huku dada yangu anangoja mkokoteni urudi.

"Weye," alimfokea, "nakulipa kwa kubeba viti ao kwa kulia?"

"Mama Pétro, kwetu mutu hawezi kufika ku matanga, anaacha kitu, anaenda tu. Iko mubaya. Lazima aikale kidogo na wenyewe."

"Kwenu iko kwenu! Hapa watu wanangojea turubai ku Nyakasanza!"

Alijibu "Ndiyo, Mama," na kesho yake akaketi tena. Ikawa hivyo mwaka mzima. Kumbe watu walikuwa wanaona. Waliokuja kukodi hawakuuliza tena kama viti ni visafi, waliomba atumwe yule Chad. Dada yangu alisema wanapenda viti vyake vipya. Yeye si mtu wa kukubali kwamba ameshindwa.

Kisha, mvua zilipokuwa zimeanza, kaka yake Ngarbaye akapiga simu kutoka kwao Moundou. Baba yao amekufa na wameshamzika. Kwenda hakuwezekani: ni barabara mpaka Uganda, halafu ndege mbili, na mitihani ya mwisho ilikuwa mlangoni. Alikuja kwa Pétronille macho mekundu, akasimama mbele yake na kofia mkononi. Mimi nilikuwa pale, nimekaa juu ya gunia la turubai.

"Mama, nataka kulilia baba yangu. Unipe viti kidogo, niikale hapa kwako. Mutu asipite bila kujua baba yangu alikufa."

"Maiti iko wapi?"

"Walishamuzika, Mama."

"Basi. Siye hapa hatulilie mutu bila maiti. Watu wakikuja watalilia nini? Viti?"

Alilisema kwa ukali ambao hata mimi niliyemzoea ulinichoma. Kijana akainama, akaenda kupanga masufuria. Nami mdogo wake mdomo wangu hauna mlango.

"Yaya, haukatalie mutoto. Unakatalia Emery."

Alinirushia kifuniko cha sufuria. Hakikunipata, Mungu ni mwema.

Emery alikuwa mume wake. Mwaka 2003 alitoka asubuhi kwenda machimbo ya dhahabu ya Kilo kuuza sabuni, na mpaka leo hajarudi. Hatukupata mwili, wala mtu aliyemwona. Wazee wakasema tungoje, kwa sababu kufanya matanga bila maiti ni kumwitia mtu kifo, na labda yuko hai mahali. Tukangoja. Tangu hapo dada yangu amewapangia viti wafu wa mji mzima, na mume wake hajapata hata kimoja. Nililijua hilo, na ndiyo maana nilisema nilichosema. Sijutii.

Asubuhi nilikuta turubai imefungwa uwanjani kwake, na chini yake viti vichache.

"Ni kidogo tu," aliniambia bila kunitazama. "Huyu mutoto iko mugeni. Nani atakuja? Viti bila watu vitamuletea haya."

Ngarbaye alitandika mkeka, akaketi juu yake miguu wazi. Wakaja wanafunzi wenzake, wakaimba wimbo mmoja, wakarudi darasani. Baada yao, hakuna mtu. Jua lilipanda, nami nikaanza kumwogopea kijana yule aliyekuwa anatazama barabara. Pétronille alichemsha chai ya watu ambao hawakuwapo, akaimwaga, akachemsha nyingine.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Nyakasanza aliyezika mke wake mwezi wa pili. Alimpa Ngarbaye mkono, akaketi karibu yake. Halafu wakaja mabinti wa marehemu fundi mmoja wa baiskeli, na kuni kichwani. Halafu familia nzima ya jirani wa kanisa, na unga. Dada yangu akaniita niongeze viti. Nikaongeza, akaniita tena, mpaka nikamwambia mimi ni fundi wa nguo, siyo mbebaji.

Mchana waliingia wanawake wa upande wa pili ambao hawakuwa wamekanyaga mtaa wetu tangu vita. Mbele yao alikuwa Mama Suzanne, aliyekimbia kutoka Kpandroma na kubaki mjini. Ngarbaye alikuwa amekaa naye siku mbili nzima alipozika binti yake. Pétronille alisimama katikati ya uwanja na kiti katika kila mkono, na ninasema kweli, sikujua kama atavitoa au atavirusha.

"Karibuni," akasema mwishowe, akaviweka chini. "Muikale, wamama."

Saa ya kumsema marehemu ilipofika, Ngarbaye alitueleza baba yake kwa Kifaransa na Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Mzee alilima pamba. Alimchapa kila alipokosa shule, na siku ya kumsindikiza kuja kwetu alijificha nyuma ya ghala ili asionekane akilia. Tulimlilia mzee yule wa Moundou kama baba yetu.

Ndipo Mama Suzanne akainuka.

"Munisamehe. Miye naomba nitaje mutoto wangu. Aimé. Walimuua wakati wa vita, sikuona maiti, sikumufanyia kilio. Kwa vile tunalilia uyu bila maiti, naomba na wangu."

Hakuna aliyemkataza. Mwingine akataja kaka yake, mwingine mume wake. Wa upande wetu wakataja, wa upande ule wakataja, na majina yalikuwa majina tu. Dada yangu alikuwa ameshika birika. Niliona linainama, nikampokonya kabla hajajiunguza.

"Emery," akasema. "Bwana yangu."

Ngarbaye aligeuka kwenye mkeka wake, akamwuliza kwa upole kama vile mfiwa anavyoulizwa kwetu:

"Mama, Papa Emery alikuwa mutu gani?"

Pétronille akafikiri.

"Alikuwa anaimba," akasema. "Alikuwa anaimba mubaya, mubaya sana! Na kila asubuhi lazima aimbe."

Watu wakacheka. Hata Mama Suzanne alicheka, amefunika mdomo kwa kitenge. Dada yangu na yeye alicheka, akacheka mpaka akaketi chini, akaanza kulia.