Karatasi ya Kuitika

Siku yangu ya kwanza katika posta ya Masisi nilikuta mizani, mhuri, vumbi, na mzee mwenye miwani aliyeniangalia kama mtu aliyekuja kuomba moto wa kupikia. Huyo ndiye alikuwa Reseveri, yaani mkuu wa posta. Alikuwa ameahidiwa fakteri mpya, mtu wa kupeleka barua kwa miguu, lakini hakuna aliyemwambia kwamba fakteri mwenyewe ni mwanamke.

"Mama, hii milima ya huku unaijua?"

"Nilizaliwa mu hii milima, Papa Reseveri. Nilianza kubeba maharake ningali mutoto. Barua njo itanishinda?"

Hakucheka. Alinipa mfuko, nami nikauvaa.

Ninyi vijana mnasema "nimekutumia" mkiwa mmelala kitandani. Wakati wetu kutuma kulikuwa kazi. Mtumaji alikuja kwenye gishe, lile dirisha la kuhudumia watu, akanunua tembre, akailamba, akaibandika juu ya bahasha. Reseveri akaigonga mhuri ili isitumike tena. Barua ya kawaida niliweza kuiacha kwa katekista, naye alisoma majina baada ya misa. Lakini rekomande, barua inayolindwa, ilipaswa kufika mkononi mwa mwenyewe, naye atie sahihi kwenye kikaratasi kinachorudi kwa mtumaji kumjulisha kwamba imefika. Isipopokelewa, ilirudi ilikotoka.

Kikaratasi hicho kwa Kifaransa kiliitwa "accusé de réception", na hapo ndipo taabu yetu ilianza. Kule milimani watu walikuwa wamejifunza Kifaransa kidogo mlangoni pa tribinali, yaani mahakama, na neno moja walilijua vizuri sana: akize, mshitakiwa. Nani atatia sahihi kwamba yeye ni mshitakiwa? Wakiniona nimeshika kile kikaratasi, walitawanyika. Mzee mmoja, shemasi mzima, nilimkuta amechutama kati ya mbuzi wake. Barua zao zikarudi Goma, na mimi nikarudi Masisi nimenuna.

"Tuipatie jina ingine, Papa Reseveri," nilisema.

"Jina ya Leta haibadilishwe, Mama. Iko mu reglema."

Leta ni serikali, na reglema ni kanuni zake. Basi nikaendelea kuwakimbiza watu milimani kwa jina lake.

Ndipo ikaja rekomande ya Papa Ndaliko, mkulima wa maharagwe na mihogo juu ya Kalembe. Ilitoka shule ya wauguzi ya Goma. Binti yake Neema alikuwa amefanya mtihani wa kuingia, na walikuwa wamemwambia kwamba atakayefaulu ataandikiwa, na asipojibu kabla ya masomo kufunguliwa nafasi yake itapewa mwingine. Neema alikuwa bado mdogo wa umri, hivyo baba ndiye alipaswa kutia sahihi. Nilipanda ule mlima kwa furaha, nikidhani safari hii hakuna atakayejificha.

Papa Ndaliko hakujificha. Alikaa mbele ya mlango wake akakunja mikono.

"Mimi sitie sinyature ku akize. Ndugu yangu mukubwa alitia, wakamunyanganya shamba."

"Papa, iko ile barua nilikuambia," Neema alisema nyuma yake.

"Nyamaza. Hata mwizi anaweza andika jina ya shule."

Nilibembeleza, nikaapa, nikataja majina ya watakatifu. Wapi. Sheria ilikataza kuacha rekomande bila sahihi, kwa hiyo niliirudisha mfukoni, nikashuka. Sikuthubutu kumwangalia yule msichana. Nililia njiani, kwa hasira zaidi kuliko huruma.

Nilikuwa karibu na mto niliposikia mwanamke akimwita mtu wake kutoka mlima wa ng'ambo. Akaita, kimya. Akaita tena. Kwetu anayeita haendi zake mpaka asikie jibu, na anayeitwa akinyamaza anaonekana hana adabu. Hatimaye sauti ikatoka bondeni: "Eee." Yule mama akaridhika, akasema haja yake. Niligeuka palepale, nikapanda upya, na mlima ule haukunichosha hata kidogo.

"Papa Ndaliko, muntu akikuita kutoka ule mulima, unafanya nini?"

"Naitika."

"Na usipoitika?"

"Ataendelea kuita. Ni haya kwangu."

"Basi, ile shule inaita. Hii haiko karatasi ya akize, iko karatasi ya kuitika. Inarudi Goma, wanajua umesikia."

Mkulima si mjinga. Alifikiri kwanza. "Kuitika haiko kukubali?"

"Haiko kukubali. Ukiisha kuitika, njo unauliza: unaniitia nini?"

Akanyoosha mkono, akaomba bika yangu ya kuandikia, akaandika jina lake polepole. Neema alifungua barua, akasoma, akaketi chini akicheka huku machozi yanamtoka. Mama yake akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Reseveri alipopewa kikaratasi chenye sahihi alikigeuza pande zote mbili. Nilimweleza. "Haiko mu reglema," alisema. Lakini neno halina miguu na bado linafika. Siku ya soko watu walijipanga dirishani: "Niko nakuja kuitika barua." Alibisha, akakemea, akachoka. Asubuhi moja nilimsikia mwenyewe akimwambia bibi kizee, "Mama, itika hapa." Niligeukia ukuta ili asinione ninavyocheka.

Baadaye nilihamishiwa Walikale, kisha gishe ya Mubi kati ya madereva wa malori na wachimbaji, na neno langu nilikwenda nalo. Mkuu wangu wa Walikale aliliandika kwa chaki juu ya dirisha: KUITIKA BARUA NI HAPA. Siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko gavana.

Sasa nimestaafu, na magoti yananidai kila mlima niliopanda. Wajukuu wananionyesha alama kwenye simu kwamba ujumbe umesomwa. Nawaambia kusoma si kuitika. Wao wananicheka, nami najivunia kazi yangu bila haya, kwa sababu nilikuwapo siku moja, kabla sijaondoka Masisi.

Neema alikuwa amemaliza masomo na kupewa kazi. Papa Ndaliko alikuja gishe na barua yake mwenyewe kwa binti, akaomba rekomande.

"Ya kawaida inatosha, Papa."

"Hapana. Nataka na yeye aitike."

Kikaratasi kiliporudi nilimpelekea mwenyewe. Chini ya sahihi palikuwa na neno la Kifaransa. Akaniuliza linasema nini.

"Muguzi," nikamsomea. "Neema, muguzi."

Akatembea mpaka ukingo wa uwanja wake, akaweka viganja mdomoni, akauambia mlima wa ng'ambo kwamba Neema ameitika. Kisha, kutoka shamba hadi shamba, watu wakajibu: "Eee."