Nilimfungia Dada Mlango kwa Sababu ya Vipele

Nimekosa, tena nilikosa kwa macho makavu. Nisikilize kwanza, halafu unihukumu.

Dada yangu alikuwa na saratani ya unyayo. Tuliishi wawili, chumba na sebule, mtaa wa Nkuhungu. Mjomba aliyekuwa ng'ambo alimpatia sindano za kuamsha kinga ya mwili ipigane na ugonjwa. Daktari alitueleza wazi: "Anaweza kutoka vipele. Haviambukizi. Vikitoka, njooni haraka."

Vikatoka. Kifuani, shingoni, mpaka usoni!

Miaka ile, mgonjwa akikonda na kutoka vipele, mtaa ulikuwa umeshampa jina. Unajua jina gani. Na mimi sivumilii doa hata kwenye kitambaa cha meza. Nilijisomea vitabu vya afya, nilijua ukweli wote, lakini mdomo wa kuwaeleza majirani sikuwa nao. Aibu yangu!

Basi nikampaka krimu, zile za nje zilizokuwa zimeanza kujaa madukani, nikasubiri vipotee. Nikasimama mlangoni kama askari.

Jirani yetu, Mama Zaituni, alikuja na uji wa uwele. "Mgonjwa wetu yukoje?"

"Amelala."

"Kila nikija amelala! Huyo dada yako amekuwa popo?" Akacheka, akaniachia chupa ya uji.

Mimi sikucheka. Akarudi tena, nikajibu vilevile. Mwishowe akaacha kuja. Wote wakaacha.

Kumbe dada alikuwa macho, anasikia kila neno. Jioni moja akaniuliza, "Mdogo wangu, kwani nanuka?"

Ee Mungu wangu! Nikajifanya napanga vyombo.

Vipele vikawa malengelenge. Tulipofika kwa daktari, sindano zikasimamishwa. "Mngewahi tungevituliza, naye angeendelea na sindano," alisema. Dada hakunigombeza. Aliomba tu apelekwe kijijini Kibakwe kwa shangazi. Nasikia huko nyumba haikukauka wageni mpaka siku aliyofariki.

Juzi malaria ilinilaza, maji ya kunywa sina wa kunipa. Nikasikia sauti ya Mama Zaituni dirishani, anamwambia mwenzake: "Tusibishe hodi. Hapo huwa wamelala."

Nilitaka kuita. Nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Wewe mwenye mgonjwa, wahi kwa daktari, na mlango uache wazi. Ukishindwa kueleza, waache tu waingie, wamwone ni yuleyule.