Nati Kwanza

Gari la Pijo la marehemu Donati lilikuwa halijanguruma tangu mafuriko ya mto Mkondoa yalipoingia uani na kuacha tope hadi usawa wa milango. Mwanawe, Filipo, aliyeajiriwa huko Mikumi kwenye hoteli za watalii, alimpigia mama yake simu akasema Jumamosi anakuja na watu wa chuma chakavu, walibebe. Bibi Yudith hakugombana naye. Alimwambia tu kwamba gari linalonguruma si chuma chakavu. Filipo alijua injini ni nzima, paipu ya mafuta ndiyo imeoza kwa kutu. Akacheka, akasema haya, likinguruma kabla ya Jumamosi, libaki.

Mafundi wa stendi walitaka waweke mpira kutoka kwenye tangi hadi mbele. Yudith akawashukuru, akaondoka. Mpira wa petroli ni chakula cha panya, na Donati asingelala kaburini. Ndani kulikuwa na paipu ya shaba aliyoiacha mwenyewe, imeviringishwa kama nyoka aliyeshiba, na vifaa vyake vyote vikiwa ndani ya gunia, vimepakwa grisi.

Asubuhi alitandika mkeka chini ya gari, akafunga khanga kiunoni, akaingia. Jirani yake Masunga, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, alipita na ng'ombe akaona miguu ya mzee imetokeza.

"Shikamoo, bibi. Hilo hata ng'ombe zangu haziwezi kulivuta."

"Marahaba. Ng'ombe zako zimezoea mahindi ya watu, kazi zitaiweza wapi?"

Masunga akacheka, akauliza kama amshikie kitu. Yudith alisema hapana, ila kama betri yake ya sola haina kazi mchana, ataiazima. Kijana akaileta, akaiweka kivulini, akafuata mifugo yake.

Kazi ile ni ya watu wawili. Enzi za Donati, Yudith alikuwa upande wa tangi akisukuma paipu, mume akiipokea mbele na kugonga chesesi kwa spana kumwambia imefika. Sasa akisukuma kidogo, anatambaa kutoka, anazunguka, anachungulia, anarudi kusukuma tena. Goti likalalamika. Akaliambia linyamaze. Kabla hajafika mwisho alikunja paipu duara moja karibu na pampu, kama alivyozoea kumwona Donati akifanya, bila kujiuliza ni ya nini.

Kisha akaibana ncha ya mbele kwenye kifaa cha kutanulia, akaitanua mdomo. Ulitoka mzuri, duara kamili. Akaupulizia vumbi, akanyoosha mkono kuchukua nati.

Nati ilikuwa bado juu ya mkeka.

Nati huvishwa paipu kwanza, ndipo mdomo utanuliwe. Ukishatanuka, nati haipiti tena. Hata mke wa fundi anajua hilo, na yeye ndiye aliyekuwa akilijua kuliko fundi. Miaka yote ya ndoa ilikuwa kazi yake kuuliza, "Nati umeivisha?" na Donati kujibu, "Mwanamke, mimi mtoto?" huku akiifungua paipu haraka haraka aivishe. Leo hakukuwa na wa kuulizwa, na aliyezoea kuuliza hakujiuliza.

Alilala pale chini akitazama matumbo ya gari. Kukata mdomo maana yake paipu itapungua, na tayari ilikuwa imefika kwa taabu. Akaikata hivyo hivyo. Ikapelea, kama alivyojua. Ndipo jicho lake likatua kwenye lile duara. Akalifungua kwa vidole, taratibu shaba isijikunje, na paipu ikasogea mbele ikafika.

"Kumbe ulikuwa unajiwekea akiba ya makosa yako, Donati," alisema, akiitazama ile pampu.

Safari hii aliivisha nati, akaigusa, akaigusa tena.

Alasiri alimimina petroli ya chupa tangini, akaunga betri ya Masunga, akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likakataa, likakohoa, kisha likashika. Alishuka akapitisha kidole kwenye kila kiungo. Kikavu.

Akampigia Filipo, akaishikilia simu juu ya injini.

"Nimesikia, Mama," Filipo alisema. "Nani amekushikia upande wa pili?"

"Hakuna. Nimezunguka mwenyewe."

"Basi umeshinda. Nitawaambia wasije. Na mimi sasa sina haja ya kuja huko Jumamosi. Kazini wageni ni wengi. Tutaonana Krismasi, Mungu akipenda."

Filipo hakuwa amekanyaga nyumbani Kilosa tangu matanga ya baba yake. Yudith alimjibu kwamba kazi ni kazi, amsalimie mkewe.

Akazunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, upande wake wa enzi za Donati, akakaa mikono mapajani. Injini ilinguruma vizuri, bila kukatika. Alikaa hivyo hadi petroli ya chupa ilipokwisha, ndipo akaenda kumrudishia Masunga betri yake.