Nilisingizia Makaa ya Mursik

Kwa heshima na taadhima, ninawatangazia wasomaji wa ukurasa huu kwamba kibuyu changu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa makaa, kimestaafu. Kimeangikwa ukutani kando ya kalenda, na hakitaki maswali.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, karani wa mizani kwenye kituo cha majani chai upande wa Roret. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Watoto wako mbali, huandika barua Krismasi. Naomba mnifichie jina, maana habari yenyewe inahusu choo.

Marehemu ndiye aliyekuwa akitengeneza mursik. Alipoondoka nikajaribu mwenyewe, na kwa kuwa hakuna wa kunikanya, nilisugua makaa ndani ya kibuyu mpaka maziwa yakatoka kijivu kama simiti. Kwa hivyo choo kilipokuwa cheusi kama lami, sikushtuka. Nilisema ni makaa. Wiki tatu nilisema ni makaa, nikijicheka kwamba mke wangu angeona angeninyang'anya kibuyu.

Siku moja nikiwa mizanini, mama mmoja mchuma chai akasema, "Karani, mbona midomo imekuwa myeupe? Umelamba unga?" Nikataka kumjibu. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala juu ya magunia ya majani, na watu wanabishana nani sasa ataandika kilo zao.

Hospitalini waliniteremshia mpira wenye taa hadi tumboni. Kidonda, kinavuja damu. Nikaongezewa damu, nikapewa vidonge. Daktari, kijana mpole mwenye haraka, akaniuliza, "Mzee, wiki tatu unaona choo cheusi na hukumwambia mtu?"

"Daktari, ningemwambia nani?"

Akaandika kitu.

Nilipotoka, jirani yangu Mama Njeri, mwenye duka, akanielekeza kwa mama mmoja Mchina, daktari wa mitishamba mjini Kericho. "Enda, Karani. Asipokuponya, atakusikiliza. Mimi nimechoka."

Yule mama hakuanza na maswali. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu, akafumba macho, akakaa hivyo. Kisha mkono wa pili. Wasomaji, tangu mazishi hakuna aliyekuwa amenishika mkono kupita salamu ya kanisani. Nilitazama dirishani ili asinione uso. Akanipa unga wa mizizi, mchungu ajabu, na kupitia msichana anayemtafsiria akasema, "Vidonge vya hospitali usiache. Na daktari wako ajue unakunywa huu." Akaniandikia karatasi ya kumpelekea.

Karatasi iko ndani ya Biblia. Sijaipeleka. Niliogopa daktari ataniambia nichague moja, na mimi nilikuwa na watu wawili tu duniani wanaoniuliza nimelalaje.

Aibu yenyewe ni hii. Kila mmoja akiniuliza, "Choo bado cheusi?" mimi hujibu, "Bado." Daktari amenipangia mpira tena mwezi ujao. Mama Mchina ameniongezea unga. Kila mmoja anadhani dawa yake imeshindwa, na kwa kuwa hawajuani, hawawezi hata kulaumiana.

Juzi yule mama alinishika mkono muda mrefu kuliko siku zote, kisha akamnong'oneza msichana. Msichana akaniangalia. "Anasema mkono wako unasema umepona."

Nikasema, "Mwambie aangalie tena."

Akaangalia tena. Akanifungia unga.

Nishaurini, ndugu zangu. Nikisema ukweli, nitakuwa nimepona rasmi na sitakuwa na pa kwenda siku ya Alhamisi, siku yangu ya kushikwa mkono. Nikinyamaza, nitamezeshwa mpira huku mtu anayevuja damu kweli akingoja kwenye benchi. Na nikiendelea kuficha unga, siku tumbo likirudia hakuna atakayejua ni nini kilichonisaidia, vidonge au mizizi. Nifanye nini?

Choo kimekuwa cha kahawia kwa wiki sita sasa.